Kufagia ni nusu ya kazi: mwaka wangu wa kwanza wa kuusafisha mtaa

Maji yalipoingia ndani kwa bibi wa nyumba ya mwisho, barabara ya mtaa wetu ilikuwa safi kuliko siku nyingine yoyote. Nilikuwa nimeifagia mwenyewe kwa wiki nne mfululizo. Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha kwa muda usiofika saa moja, mtaro ukajaa, ukafurika, na maji yakaufuata mlango ulio chini kuliko yote. Nilimkuta bibi amesimama kwenye maji yanayofika kifundo cha mguu, ameshikilia godoro upande mmoja, ananitazama bila kusema neno. Kesho yake tulipozibua mtaro, ndani ya kalvati tulitoa mchanga, vifuko na majani. Majani yale niliyatambua. Yalikuwa ya mti ulio mbele ya nyumba yangu, yaleyale niliyokuwa nikiyasukumia mtaroni kwa ufagio wangu kila asubuhi.

Naandika kwa ajili ya mtu anayeamka, akaitazama barabara ya mtaa wake, akachoka kusubiri mwingine aanze. Aanze yeye, na asichelewe. Ila ajue mapema jambo nililolijua mimi baada ya kumwingizia bibi wa watu maji ndani: ufagio hauondoi taka, unazihamisha tu. Swali la kujibu kabla hata ya kununua ufagio ni moja. Taka zikishakusanyika, zinakwenda wapi?

Nilianza peke yangu, wakati wa kiangazi. Barabara yetu ni ya lami, haifiki mita 300, inateremka taratibu kutoka barabara kuu hadi kwenye kalvati. Upande mmoja una mtaro wa wazi, upande wa pili una mawe ya ukingo. Wafagiaji wa manispaa huishia barabara kuu. Huku ndani kila mtu hufagia mbele ya geti lake, na palipo kati ya geti na geti ni mali ya upepo. Nilinunua ufagio, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikaanzia juu kwenda chini.

Sikumwambia mtu. Nililiona hilo kuwa unyenyekevu. Majirani waliliona vingine: wapo waliodhani nimeajiriwa, wapo waliodhani natafuta uongozi, na nyumba mbili zikaanza kutoa taka za ndani na kuziacha ukingoni kwa kuwa eti yupo anayepita kuchukua. Ningepita nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya kwanza, dakika tano kila mlango, nikaeleza nataka kufanya nini na sitafanya nini, ningeepuka miezi ya kunong'onwa.

Asubuhi ya tatu bibi alitoka amejifunika pua kwa kitambaa.

"Mwanangu," alisema, "hili vumbi unaliondoa au unaniletea mimi?"

Nilimwambia avumilie kidogo, nikimaliza patakuwa safi. Akarudi ndani akafunga madirisha. Upepo wa alfajiri hushuka na mteremko, na mimi nilikuwa nafagia kavu, ufagio unapanda juu kila nikimaliza mkupuo. Wingu lote lilikuwa likienda kwake.

Vumbi la barabarani si udongo mtupu. Lina mchanga uliosagwa na magurudumu, na kwenye mchanga mna madini yaitwayo silika. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Humo pia mna masizi ya injini, unga wa breki na unga wa matairi. Siku zile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba nakohoa hadi adhuhuri, na sikujiuliza bibi anakohoa hadi saa ngapi.

Hata mtaroni nilisukuma kwa nia njema. Mtaro ulikuwa mkavu, una kina, umekaa kama umechimbwa kwa kazi hiyo. Nikajipa jibu kwamba mvua itamalizia. Mvua ikamalizia kweli.

Siku ya kuzibua tulijitokeza watu sita. Tulifanya kazi kutwa nzima, tope linafika magotini, na kila tulichotoa tukakipanga kando ya mtaro ili kikauke ndipo kizolewe. Lilikuwa tuta jeusi la urefu wa barabara nzima, nasi tulilitazama kwa fahari. Hakuna aliyeuliza litazolewa na nani, kwa chombo gani, siku gani. Usiku wa tatu mvua ikanyesha tena. Asubuhi kando ya mtaro palibaki michirizi tu. Tope lote lilikuwa limerudi lilikotoka, na kwa bibi maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mara ya kwanza. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikalia.

Kama utachukua neno moja tu katika haya yote, chukua hili la tope. Usichomeke koleo mtaroni kabla toroli halijasimama pembeni. Tope bichi ni zito kuliko unavyodhani, nusu ya toroli inatosha kumtoa mtu jasho, kwa hiyo litandaze juu ya turubai lichuje maji saa chache, kisha lipakiwe siku ileile. Kama usafiri haujapatikana, ahirisha uzibuaji. Ni afadhali mtaro uzibuliwe kipande cha mita ishirini na kipande hicho kiondolewe kabisa, kuliko kuuzibua wote na kuulaza ukingoni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Mahali pengi mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji. Unamwaga moja kwa moja mtoni, ziwani au baharini. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walichapisha jibu la fumbo lililowasumbua kwa miaka: samaki aina ya salmoni waliokuwa wakifa kila mvua ikinyesha waliuawa na kemikali inayotokana na matairi ya magari, iliyooshwa barabarani na kufika mtoni. Niliposoma hivyo niliukumbuka ule unga mweusi niliokuwa nausukuma kila alfajiri, na sijawahi kuusukuma tena.

Baada ya lile pigo la pili nilikwenda kumtafuta mama mmoja anayefagia barabara kuu. Nilikuwa nampita kila siku kwa miaka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayefagia kule chini?"

Kumbe alikuwa akiniona. Aliniambia nimwoneshe ninavyofagia. Nikafagia hatua kama kumi, akautoa ufagio mkononi mwangu. "Katikati ya barabara unamfagilia nani? Katikati panafagiliwa na magari. Fagia ukingoni."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hilo limepimwa. Utafiti uliofanyika kwenye miji kadhaa ya Marekani na kuchapishwa mwaka 1972 ulikuta zaidi ya robo tatu ya uchafu wa barabarani umelala ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye jiwe la ukingo, na karibu wote uko ndani ya mita moja. Mimi nilikuwa nafagia upana wote wa lami, mita baada ya mita, mgongo unaniuma kwa kazi ambayo magurudumu yalikwisha kuifanya.

Kisha akanionesha namna. Alikuwa na kopo la rangi lililotobolewa vitundu kitakoni. Akalijaza maji, akatembea nalo kwa kasi akifuata ukingo, maji yakigusa vumbi kiasi cha kulibadilisha rangi tu. Ukiona yanatiririka umezidisha: vumbi linakuwa tope, tope linagandia lami, kesho jua likiwaka linapasuka na kuwa vumbi upya. Akasubiri kidogo. Akaushika ufagio, mkono mmoja juu ya mpini, mwingine katikati, viwiko karibu na mbavu, akasimama upepo ukiwa mgongoni. Mkupuo wake ulikuwa mfupi, na ncha za ufagio hazikuachana na lami hata mara moja. Hata sauti ilikuwa nyingine. Ufagio wangu ulikuwa unachapa. Wake ulikwaruza mfululizo, kama randa juu ya ubao. Kiganja changu wakati huo kilikuwa na lengelenge lililopasuka chini ya kidole gumba. Alikigeuza, akakitazama, akasema nakaba mpini kama namkaba mwizi. Ushikwe kwa kulegea, mikono ibadilishane kila baada ya hatua kadhaa.

Alikusanya malundo madogo, moja kila hatua kumi na tano. Akizidisha matatu, alirudi na toroli akayazoa kabla ya kuendelea mbele. Nilimuuliza kwa nini asimalize kwanza barabara yote. "Lundo lililoachwa," akajibu, "ni la upepo, la mbwa na la watoto. Wewe huna chako hapo."

Kabla hajalizoa la mwisho nilimwomba anisubiri, nikalichambua kwa kijiti. Lilikuwa dogo, lingejaa kwenye ndoo bila kufika mdomoni. Juu yalikuwepo majani makavu na karatasi, vitu ambavyo ndivyo hutuudhi tukiona barabara chafu. Chini yake vilikuwemo vichungi vya sigara visivyopungua ishirini, na kichungi cha sigara si karatasi, ni plastiki. Vilikuwemo visoda, wembe mmoja, kipande cha kioo cha taa ya gari. Na chini kabisa, nusu nzima ya lundo, mchanga mweusi laini usioonekana kabisa ukiwa umesambaa. Ule utafiti wa 1972 ulikuta chembe laini kuliko zote ni kama asilimia 6 tu ya uzito wa uchafu wa barabarani, lakini ndizo zilizobeba theluthi hadi nusu ya virutubisho vinavyootesha mwani majini. Kuokota karatasi na kuacha mchanga ni kuacha ubaya wenyewe.

Visoda nilivitazama sana. Kila kimoja kilichokaa chali kilikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo. Mayai hushikamana na ukuta wa chombo na kuvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Yakishapata maji, kwenye joto, inachukua siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai hadi mbu anayeruka. Ndiyo maana ukiniuliza mtaa ufagiliwe mara ngapi, nakujibu angalau mara moja kwa wiki, na wiki moja kabla ya msimu wa mvua ufagiliwe kama hakuna kesho. Mvua ya kwanza ndiyo hubeba uchafu wa kiangazi kizima.

Vifaa nitavipitia haraka. Mpini wa ufagio ufike kidevuni au usogee puani. Ule mfupi wa ndani ya nyumba ulinilaza kitandani wiki nzima na mgongo. Nyuzi ngumu za plastiki zinafaa kwa lami, na ufagio wa chelewa unaingia vizuri penye kokoto na kwenye pembe za mawe ya ukingo. Sepetu iwe bapa, mdomo ulionyooka, kwa sababu yenye ncha huacha unga wote chini. Barakoa inayobana vizuri, buti, fulana ya kuakisi mwanga. Fagia ukitazama magari yanakotoka, wala usiyape mgongo hata kama barabara ni ya magari matatu kwa siku. Na usichome kitu. Jirani mmoja alitushawishi tuchome majani ili kupunguza mzigo. Ndani ya majani mlikuwa na plastiki, moshi ukakaa kwenye nyumba zetu hadi usiku, na mtoto wake mwenyewe ndiye aliyepelekwa kliniki kwa kushindwa kupumua.

Mwezi wa tatu nilikubali kwamba mtu mmoja hawezi. Nikapita nyumba zote 26, kazi niliyotakiwa kuifanya mwanzoni. Nyumba 11 zilikubali kuingia kwenye zamu. Nilishawishika pia kuwaita watoto. Nilikuwa nimesoma habari za George Waring, aliyechukua idara ya usafi wa barabara jijini New York mwaka 1895. Jiji lilikuwa limezama kwenye kinyesi cha farasi na takataka. Waring aliwavisha wafagiaji sare nyeupe wapate kuonekana na kuheshimiwa, akataka nyumba zitenge majivu, mabaki ya chakula na taka nyingine, na akaanzisha vikundi vya watoto vya kulinda usafi wa mitaa yao. Hilo la watoto lilinigusa. Nikatangaza kwamba kila Jumamosi vijana na watoto waje. Walikuja wengi, na mtaa ulijaa furaha ambayo sikuwahi kuiona.

Jumamosi ya pili, kijana wa miaka 17, mtoto wa jirani ninayepakana naye ukuta, aliingiza mkono kwenye kiroba ili kushindilia taka ziingie nyingi zaidi. Akautoa haraka. Kwenye kidole cha kati kulikuwa na tone la damu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Chini ya majani, ndani ya kiroba, ilikuwemo sindano. Alikuwa amevaa glavu za kitambaa, nilizonunua mimi kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi.

Mtu mmoja alitaka kumkamua damu. Kwa bahati alikuwepo nesi katika zamu ya siku ile, akamzuia. Alimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua, bila kupaka kitu kikali, akasema twende hospitali sasa hivi, si jioni. Dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio la aina hiyo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea ni hasara. Humezwa kwa siku 28. Huko huko muulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda. Kijana alizimeza siku zote 28, kichefuchefu kikimtesa, kisha tukasubiri vipimo. Vya mwisho vilipotoka vilikuwa salama.

Katika miezi ile mama yake hakunitukana hata mara moja. Alikuja mlangoni siku moja tu, akasimama nje. "Dada," aliniambia, "mwanangu nilikupa akiwa mzima." Akaondoka. Niliyabeba maneno hayo kila nilipoinua kiroba, na nayabeba hadi leo, ingawa sasa tunasalimiana.

Tangu siku ile hakuna aliye chini ya miaka 18 anayegusa taka za mtaa wetu. Watoto hupaka rangi mabango, humwagia miti maji na kupeleka ujumbe majumbani. Mkono hauingii kwenye kiroba kwa sababu yoyote, na kiroba hakishindiliwi. Kikifika robo tatu kinafungwa, na kinabebwa mbali na mguu. Vya kuokota vinaokotwa kwa koleo refu la kubania. Glavu ni za mpira mzito au ngozi, huku kila mtu akikumbushwa kwamba hakuna glavu isiyopenywa na sindano. Sindano na nyembe zinaingia kwenye dumu gumu lenye kifuniko, na dumu hupelekwa kituo cha afya. Tulikubaliana nao kwanza. Yote haya yangewezekana kabla ya Jumamosi ile. Yalihitaji nusu saa ya kufikiri.

Fedha nazo zilitutenganisha kwa muda. Miezi minne ya mwanzo nilinunua vitu kutoka mfukoni mwangu bila kuandika, na michango ilipoanza niliichanganya humohumo. Nilipoulizwa hesabu sikuwa nayo. Sikuiba, lakini aliyeniuliza angejuaje? Sasa tuna daftari analolishika mtu mwingine, na kila mwisho wa mwezi ukurasa wake unabandikwa kwenye geti la nyumba ya katikati. Nyumba nyingine tano ziliingia kwenye zamu baada ya ukurasa wa kwanza kubandikwa. Hotuba zangu zote hazikuleta hata moja.

Michango hiyo ilikuwa hasa ya kumlipa kijana wa mkokoteni atupelekee taka dampo. Alikuwa mwepesi ajabu. Akiondoka na mzigo, anarudi kabla hatujamaliza kunawa mikono. Hatukujiuliza. Siku moja nilimfuata kwa mbali, nikamwona akiinamisha mkokoteni kwenye korongo lililo nyuma ya mtaa wa pili, juu ya maji yanayoshuka kwa watu wengine. Nilimwendea kwa hasira. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanitajia ada wanayotoza getini dampo. Ilizidi malipo tuliyokuwa tukimpa. Tulimlipa mtu pungufu ya gharama ya kufika, tukataka afike. Sikuwa na la kumjibu.

Tuliongeza malipo, ada ya dampo tukaitenga kando, na hulipwa akirudi na risiti ya getini. Walipogoma baadhi kwamba gharama imepanda, tulitafuta pa kupunguza mzigo badala ya kupunguza malipo. Majani yaliyofagiliwa chini ya miti, mbali na ukingo, tunayatenga na kuyaozesha kuwa mboji, na hilo peke yake liliondoa safari moja kati ya tatu. Hapa pia nilikosea. Nilichukua ule mchanga laini wa ukingoni nikaumwaga kwenye tuta langu la mboga, nikiuona mweusi, mzuri, kama udongo wa msituni. Nesi wetu ndiye aliyeniambia niuondoe. Una zinki ya matairi, metali za breki, mafuta, na mahali pengi bado una madini ya risasi yaliyoachwa na petroli ya zamani, maana petroli ya magari yenye risasi iliendelea kuuzwa duniani hadi mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha, na risasi haiozi. Mchanga wa ukingo ni wa dampo. Nilikwangua tuta lote nikaanza upya.

Mashine ya kufagia ya manispaa tuliiomba kwa barua tatu, ikaja mara moja. Ilipita katikati ya barabara na kuondoka, kwa kuwa magari ya majirani yalikuwa yameegeshwa ukingoni kote, kule kule uchafu ulikolala. Ukifanikiwa kuipata, toa taarifa siku mbili kabla, siku moja magari yahame upande mmoja, siku nyingine upande wa pili. Uliza pia ni ya aina gani: ya brashi peke yake huokota vikubwa na kuacha unga, ya kunyonya huondoa unga zaidi.

Msimu wa mvua uliofuata ulitukuta na wavu wa nondo mbele ya kalvati. Lilikuwa wazo la bibi. Nililipinga mwanzoni, kwa sababu wavu usiposafishwa hugeuka kizibo kibaya kuliko taka zenyewe, na niliuliza nani atautazama usiku wa mvua. Alisema atautazama yeye, mlango wake uko hatua nane kutoka pale.

Mvua ilianza kama saa nne usiku. Nilichukua tochi nikashuka mbio. Nilimkuta amekwisha kufika, koti la mvua linamfika miguuni, reki mkononi, anavuta majani kutoka kwenye nondo taratibu, lundo dogo limeanza kukua kando yake kwenye sakafu ya saruji. Nilimulika mtaroni. Maji yalikuwa yamefika nusu ya kina, yanakwenda kwa kasi, yanaingia kwenye kalvati yote. Nikamulika mlango wake. Kizingiti kilikuwa kikavu.

Nilitaka kumwambia kitu, sijui hata nini. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "shika kiroba."